Je, Kisu Butu Kina Hesabu?



Wapo ndugu na dada zetu hapa Kampala wanaojisomesha kwa ngozi. Baada ya swala ya Ijumaa huwaona wametandaza makubadhi, mikanda, pochi na mikoba ya kuwekea Msahafu. Kikundi kimoja cha namna hiyo kilichanga pesa ili kinunue kisu kimoja kizuri cha kazi ndogondogo: kile cha kuzungusha kona, kukata tundu la kupitishia ukanda, kupunguza unene wa ukingo kabla ya kushona. Ubishi ukawa mrefu kuliko ulivyotarajiwa. Huyu anataka kisu cha Ulaya alichokiona kwenye simu, yule anasema kisu cha ofisini kinatosha, wa tatu anajua mahali panapouzwa visu vya upasuaji kwa bei ya chini. Dada mmoja akauliza kama jambo hili lina neno lolote katika dini. Wenzake wakacheka.

Naona swali lake lilikuwa zuri kuliko vicheko vyao, na ndilo ninalotaka tulifikirie hapa. Tumezoea kwamba dini inaingia dukani kwenye bei, riba na mizani. Chombo anachoshika fundi tunakiacha nje, kama vile ni jambo la soko tu. Je, mtu anayefanya kazi kwa kisu kibaya, ilhali angeweza kupata kizuri, ana hesabu yoyote?

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana anayeamua bila kuijua kazi anaamua kwa hewa. Ngozi ya kubadhi si karatasi. Ina unene, ina nyuzi zilizosukana kila upande, na inavuta kisu kikipita. Kisu cha ubapa mpana hukata mstari ulionyooka vizuri sana, lakini ukikitaka kizunguke kona ndogo kinagoma, kwa sababu upana wake wote umo ndani ya ngozi na hauna pa kugeukia. Ndiyo maana fundi huhitaji kisu cha ubapa mwembamba na ncha kali, kinachokaa mkononi karibu kama kalamu. Akikosa hicho, hufanya kile ambacho kila mshoni viatu anakijua: hukata kutoka upande mmoja, kisha kutoka upande wa pili, na mikato miwili hukutana kwenye kona na kupitilizana kidogo. Kile kipande kilichopitiliza hakizidi urefu wa punje ya mtama. Fundi hupaka rangi, husugua ukingo kwa nta, na hakionekani tena.

Lakini kipo. Ukanda wa kubadhi huvutwa kila hatua, na nguvu zote za mvuto hukusanyika pale mkato ulipoishia. Mwezi wa pili au wa tatu ukanda unachanika kuanzia hapohapo, pengine mtu akiwa anashuka kwenye boda katikati ya barabara ya Wandegeya. Mafundi wazuri hutoboa tundu dogo la duara kwenye mwisho wa kila mkato ili mpasuko usipate pa kuanzia. Asiyefanya hivyo, na ambaye kisu chake hakigeuki, anauza kubadhi lenye ufa uliofunikwa.

Sasa kumbuka Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Msomaji, mtazame yule muuzaji vizuri. Hakuilowesha nafaka yake kwa makusudi. Mvua ndiyo iliyoilowesha. Kosa lilianzia pale alipoificha chini. Fundi wetu naye hakukusudia kupitiliza kona, kisu ndicho kilichompeleka. Ila ile nta na rangi kaipaka mwenyewe. Kwa hiyo uchaguzi wa kisu, ambao ulionekana ni jambo la ufundi tupu, umemfikisha mahali ambapo kila siku analazimika kuchagua kati ya kutupa ngozi aliyoinunua na kumficha mteja. Chombo kibaya hakimfanyi mtu kuwa mdanganyifu, lakini humweka mlangoni pa udanganyifu mara ishirini kwa siku, naye ana njaa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, na nitaitetea.

Wengi mtakuwa mmeshaikumbuka Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), nayo imo katika Sahih Muslim. Maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu; basi hata katika kuchinja mtu achinje vizuri, anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Huisikia kila mwaka Idi ya kuchinja inapokaribia, kisha tunaifungia kabatini pamoja na kisu chenyewe. Ndugu mmoja alinipinga hapa kwa hoja yenye uzito. Alisema kisu kinanolewa kwa sababu mnyama anaumia, na ngozi iliyokwisha kutengenezwa haiumii. Sababu ikiondoka, hukumu nayo huondoka.

Ni kweli, wala sitamwambia mtu kwamba kukata mkanda kwa kisu butu ni haramu. Sina elimu ya kutoa fatwa, na nadhani mwenye elimu naye hataitoa. Lakini tazama mpangilio wa maneno. Kanuni imetangulia, nayo ni ya kila kitu. Kuchinja kumekuja baada yake kama mfano. Mfano hauifungi kanuni. Na maumivu siyo dhara pekee linalotokana na kisu. Ngozi ile ilikuwa ya mnyama aliyekuwa hai, nasi tumeruhusiwa kumtumia kwa jina la Mola wake. Kuiharibu kwa uzembe ni kulipoteza lile tuliloruhusiwa. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipomwona mbuzi aliyekufa, aliuliza kwa nini wenyewe hawakuinufaikia ngozi yake. Na Ali (r.a.), alipopewa kazi ya kusimamia ngamia wa Hija, aliamrishwa agawe sadaka nyama pamoja na ngozi zao, na mchinjaji asilipwe ujira wake kutoka humo. Ngozi ilikuwa na hesabu yake.

Niseme neno juu ya Idi zetu, maana limenikera siku nyingi. Wafanyabiashara wa ngozi nchini hulalamika kwamba ngozi nyingi za Uganda hupoteza thamani kabla hazijafika kiwandani, kwa alama za moto, kupe, na matundu ya kisu wakati wa kuchuna. Vijana wetu wanachuna kwa kisu cha jikoni chenye ncha, wakati kisu cha kuchunia kinatakiwa kiwe na pua ya mviringo ili kisitoboe. Tunachinja kwa Sunna, kisha tunachuna kwa haraka ya pilau. Ngozi yenye matundu kumi inakwenda kwa bei ya bure, na aliyepaswa kupewa thamani yake kama sadaka hapati kitu. Haya tuyaache, tunarudi kwenye meza ya fundi.

Kuna kundi la wasomaji ambao tayari wanajiuliza kwa nini gazeti la wanachuo linazungumza juu ya mshoni viatu. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Dharau ya kazi ya mikono ilikuja baadaye pamoja na majoho. Na katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwamo Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), ambaye imepokewa kwamba alikuwa hodari wa mikono: akidibagha ngozi, akiitoboa na kuishona, kisha kipato chake akikitoa sadaka. Wake za Mtume walipoambiwa kwamba wa kwanza kumfuata atakuwa mwenye mkono mrefu kuliko wote, walianza kupimana mikono. Alipofariki Zaynab ndipo wakaelewa. Mimi hupenda kufikiri kwamba mkono ule mrefu ulikuwa na alama za msharasi.

Naye Nabii Dawud (a.s.), ambaye tunafundishwa alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake, alilainishiwa chuma. Katika Surat Sabaa, aya ya 10 na 11, anaamrishwa atengeneze deraya kamili na apime vizuri pete zake, kisha papo hapo inafuata amri ya kutenda mema. Kipimo cha pete na matendo mema vimewekwa bega kwa bega. Sioni kwamba ni bahati. Pete iliyokosewa kipimo ni mshale unaopita.

Tukikubali hayo, je, basi ni wajibu kununua kile kisu cha Ulaya? Hapa mwenye kutaka anasa hushika bendera ya ihsani na kukimbia nayo. Nimewasikia: «Ihsani, ndugu, ihsani!», na kumbe anataka mpini wa mti wa gharama. Hebu turudi kwenye Hadithi ileile. Tumeamrishwa kunoa, wala hatukuamrishwa kununua kisu kipya. Amri imewekwa mahali ambapo maskini na tajiri wanaweza kuifikia sawasawa, kwa sababu jiwe la kunolea si mali ya matajiri.

Ukishuka Katwe utamkuta fundi ambaye kisu chake amekitengeneza kutokana na kipande cha msumeno wa kukatia chuma uliokwisha meno. Amekisugua, amekizungushia kitambaa au mpira wa tairi kuwa mpini, na kinanyoa nywele za mkono. Chuma cha msumeno ni kigumu kwa asili ya kazi yake, kwa hiyo kinashika makali kwa muda mrefu. Tahadhari ni moja: visu vingi vya chuma cha kawaida huharibiwa na gurudumu la umeme. Chuma kikipata joto hadi ukingo ugeuke buluu, ugumu wake umetoka, na hata ukikinoa hadi usiku hakitashika. Anayejua hugusisha kidogo, huchovya majini, hugusisha tena. Kisha humalizia kwenye kinoo kwa mkono, akishika pembe ileile tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka ahisi kwa kidole uzi mwembamba wa chuma umejitokeza upande wa pili. Hugeuza, huuondoa, na mwisho hupitisha makali kwa kurudi nyuma juu ya kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia. Mara kumi upande huu, mara kumi upande huu. Akisikia kisu kinaanza kuvuta ngozi badala ya kuipasua, hurudia pale pale kwenye ngozi, hangoji mpaka kiwe butu kabisa.

Kwa hiyo yule anayesema «mimi ni mwanafunzi, sina uwezo, ihsani si yangu» nampinga kwa nguvu ileile niliyompinga mwenye kutaka anasa. Udhuru wa umaskini unamfaa asiye na chuma kizuri. Haumfai asiyenoa. Na tusisahau mkono wenyewe: kisu butu husukumwa kwa nguvu, na kinachosukumwa kwa nguvu kikiteleza huishia kwenye kidole gumba cha mkono ulioshikilia ngozi. Mwili nao ni amana.

Kisu cha ofisini, kile cha kutoa na kurudisha chenye makali ya kuvunja vipande, kina historia inayotuhusu. Kilibuniwa mwaka 1956 na Mjapani Yoshio Okada, na inasimuliwa kwamba wazo lake lilitokana na mafundi viatu waliokuwa wakivunja vipande vya vioo ili wapate ukingo mpya, pamoja na chokoleti inayokatika vipande. Ni uvumbuzi wa akili sana. Unapata makali mapya bila kujua kunoa. Lakini ubapa wake huyumba kwenye ngozi nene, na kona unayotaka iende wima inalala. Kwa ngozi nyembamba ya pochi, sawa. Kwa soli na kanda, hapana.

Tatizo langu na visu vya kuvunja ni lile pande linalobaki. Linakwenda wapi? Kwetu linakwenda kwenye kaveera, kaveera linakwenda kwenye lori, na lori kwa miaka mingi lilikwenda Kiteezi. Mlima ule wa taka uliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, na baadhi yetu ndipo tulipofahamu kwamba kuna familia zinaishi ubavuni mwake na watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu wapate riziki. Mkono wa mtu yule ndio unaokutana na pande lako la chuma. Hadithi ya Abu Musa (r.a.) katika Bukhari na Muslim inamwamrisha anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Mwenye mshale wa sokoni alimwona mtu aliye karibu naye. Wewe humwoni wa kwenye jalala, lakini wajibu haukatiki kwa sababu jicho halifiki. Kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa mwanya linatosha: tia mapande humo mpaka lijae, kisha lifunge kwa gundi na limpe mnunuzi wa vyuma chakavu ukimwambia kilichomo.

Visu vya upasuaji nimeviacha mwisho kwa kuwa ndivyo vinavyovutia zaidi. Kwa kazi ndogo kwenye ngozi laini hakuna kinachovishinda; ncha ni nyembamba, wembe unabadilishwa. Swali ni vimefikaje pale mjini vilipo kwa bei ile. Serikali ya Uganda hutia alama kwenye dawa zake na baadhi ya vifaa kuonyesha kwamba si vya kuuzwa. Pakiti yenye alama hiyo mkononi mwa mchuuzi imetoka mahali fulani, na mahali hapo kuna mama anayengoja upasuaji na ndugu zake wanaambiwa wakanunue vifaa dukani. Sheria iko wazi kwa anayejua kwamba mali ni ya wizi: hainunui. Wengi wetu hatujui, tunashuku tu, na pakiti nyingine hata hazina alama. Hapo inatuhusu Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) juu ya mambo yenye shaka yaliyo kati ya halali na haramu, na mchungaji anayechunga pembezoni mwa malisho yaliyokatazwa. Zipo pakiti halali katika maduka ya vifaa vya tiba yenye leseni, zina risiti, na bei yake si kubwa sana. Ile tofauti ya bei ndiyo bei ya kutojua. Anayesema «mimi nakata ngozi tu, sikuiba» anasahau kwamba mwizi haibi ili aweke nyumbani kwake. Anaiba kwa sababu mimi na wewe tupo.

Kikundi kile, mwishowe, kilimuuliza fundi mmoja wa Katwe awatengenezee kisu cha msumeno, na pesa zilizobaki wakanunua kinoo chenye pande mbili, laini na kavu. Nilidhani ubishi umekwisha. Kumbe yule dada aliyeuliza swali la kwanza anatumia mkono wa kushoto.

Visu vingi vya kupunguza ukingo hunolewa upande mmoja tu, na upande huo ni wa mtu wa kulia. Kwa mkono wa kushoto kinachimba badala ya kupaa. Ndugu mmoja akamshauri ajizoeze kulia, kwani kulia ndiko kwenye Sunna. Nia yake ilikuwa njema, na kula na kunywa kwa kulia hakuna anayebishia. Ila kumtaka mtu ashike chuma chenye makali kwa mkono ulio dhaifu, karibu na vidole vyake, ni kuligeuza jambo la heshima kuwa dhara, na dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Isitoshe kisu ni cha kikundi. Alichanga sawa na wao.

Basi wakamrudishia fundi. Alikinoa pande zote mbili, mteremko sawa kulia na kushoto, kwa dakika chache tu, akawafundisha na namna ya kupeana: mpini mbele, makali yakiwa ndani ya ala. Alishangaa nilipomwambia kwamba Jabir (r.a.) amepokea katazo la kupeana upanga uliochomolewa, nalo liko kwa Abu Daud na Tirmidhi. Yeye alikuwa amefundishwa na baba yake. Kisu sasa kinakaa kwenye ala ya ngozi ya mbuzi ambayo dada yule aliishona mwenyewe, na daftari la zamu ya kunoa limetundikwa ukutani. Wiki hii ni zamu ya yule aliyetaka kisu cha Ulaya.